Kituo cha elimu na utafiti wa mazingira Mlima Mangea: wanakijiji wachange kwanza au tungoje mfadhili?

#1 Mwalimu_wa_Gede
Salaam aleikum wadau, na wengine hamjambo.

Nyuma ya Vitengeni huku Kilifi, chini ya Mlima Mangea, kuna vijana na wazee wamenikalisha kikao mara mbili sasa. Wanataka kujenga kituo kidogo: banda la kufundishia watoto wa shule, vyumba viwili vya kulala watafiti, tangi la maji ya mvua na choo cha heshima. Wanasema kila baada ya muda hupita mtu na darubini, au na magazeti ya kukaushia majani. Anapiga hema, anapanda siku nne, anashuka, haonekani tena. Watoto waliozaliwa pale pale chini hawajawahi kuelezwa ule msitu wa juu una nini.

Mimi nimeombwa nizungushe bakuli huku Malindi na Watamu. Msimamo wangu nautoa mapema, mnipige mawe mkitaka: sichangishi hata ndururu mpaka kila mji, yaani kila boma, ulio chini ya mlima utoe chochote. Hamsini, debe la mchanga, siku moja ya kuchimba msingi, kuku. Kituo kikijengwa kwa pesa ya mgeni ni cha mgeni, na siku akiondoka mabati yatahama usiku.

Mwasemaje?

#2 Chapati_KisumuNdogo
Mwalimu, hicho ni mlima au kichuguu? Mimi kwetu Meru. Mangea yenu huko ni kiti cha kukalia ukinywa chai.

#3 Dereva_Nyika
Wewe wa #2, njoo uupande saa saba mchana mwezi wa pili na chupa moja ya maji, halafu utuambie kama ni kiti. Mita mia tano na kitu, na kwa sisi tunaotoka Malindi, bahari ikiwa mlangoni, zote ni zetu.

Mwalimu, hapo umeteleza. Mimi hupeleka mizigo Ganze na Bamba. Kuna miaka mvua za masika zinapita juu kwa juu kama ndege za watalii. Mtu ameuza kuku wa mwisho apate unga, wewe unamwambia atoe kuku ajenge chumba cha mzungu wa kuhesabu vipepeo? Watu hawachangii kwa sababu hawana. Msitafute sababu nyingine.

#4 MamaVipepeo
Dereva, mimi pia sikuwa na kitu na leo nautetea msitu kuliko askari wake.

Nafuga vipepeo kwa ajili ya Kipepeo, ule mradi ulioanza 1993 pale kwenye magofu ya Gede. Wakati huo ukiutaja msitu wetu, "Arabuko-Sokoke", kwa majirani zangu walikuwa wanajibu: ukatwe tulime, tuna watoto. Hakuna aliyekuja kutuomba mchango. Walituonyesha namna ya kumnasa jike, kumtia kwenye kizimba cha neti atage, kuwalisha viwavi majani ya mti wao, na kumtoa yule aliyekwisha kujifunga kabla hajatoboa. Pupa hao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga, husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo, na ikibidi wafike bado wamelala. Akitokea njiani, huna pesa.

Sasa ukinyimwa msitu, viwavi wako wanakula nini? Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 90 ilipotoka habari ya kumega kipande cha msitu kigawiwe watu, sisi wafugaji tulikuwa mstari wa mbele kukataa. Hatukuwa tumehudhuria semina yoyote ya uzalendo. Pesa ilitangulia, mapenzi yakafuata nyuma.

Kwa hiyo Mwalimu umegeuza mkokoteni. Hao wa Mangea waonyeshwe kwanza watapata nini.

#5 Mkaa_Mstaafu
Mama Vipepeo nakuheshimu, lakini unasimulia upande wa barabara. Nyie wa Gede mlipata vipepeo, sisi wa upande ule mwingine wa msitu tulipata ndovu. Usiku wa mahindi kukomaa unalala juu ya mti na debe la kugonga. Mpaka uzio wa umeme ulipofika, na si kila mahali ulifika wakati mmoja.

Mimi nimechoma mkaa miaka kumi na moja. Mrihi, mfunda, chochote kilichosimama. Niliachishwa na binti yangu. Alipofaulu kwenda sekondari nilikuwa nimeshakata tamaa, akapata msaada wa karo wa ASSETS, ule mpango wa shirika la mazingira la A Rocha Kenya wa kuwasomesha watoto wa familia zinazopakana na msitu, ulioanza 2001. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipa kutembea kwenye lile daraja la kamba pale Mida. Mzazi unaitwa kikaoni, unapanda miti, unakaa na wenzako. Sasa niambieni, nitakaaje kikao mchana na watu wanaolipa karo ya mwanangu, halafu usiku niingie na shoka? Aibu tu ndiyo iliyoniachisha.

Aibu haimo kwenye bajeti ya mfadhili yeyote. Mtakuja kuniambia.

#6 KasaMida
Mzee wa mkaa, shukran, sahihisho dogo: lile la Mida ni daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, mita 260, mwisho wake kuna kibanda cha kuchungulia ndege. Ukisema daraja la kamba watu watakuja wakidhani wanapita kama nyani.

Mimi ni mvuvi. Kwetu Watamu kuna wale wa kuokoa kasa, wapo tangu miaka ya 90. Kasa akinasa wavuni, unapiga simu, wanakuja, wanampima, wanamfunga kibati cha namba, anarudishwa baharini, na wewe unapewa kitu kidogo cha kufidia muda na wavu. Kidogo kweli, nyama yake sokoni ingekuwa zaidi. Lakini wanakuja siku hiyo hiyo! Hata saa moja jioni. Mimi nimeona miradi mikubwa ikifa kwa sababu moja tu, kucheleweshana. "Tutawasiliana." Mvuvi haongei na mtu wa tutawasiliana.

Basi kaka Dereva anasema umaskini, mama anasema faida, mzee anasema aibu. Mimi nasema simu ipokelewe.

#7 Shela_Upepo
Sisi Lamu hatuna mlima wa mawe, ila tuna milima ya mchanga wa Shela na tunaihesabu. Mvua hunywewa na ule mchanga, na mai ya mji mzima wa Lamu yanatoka visima vya chini yake. Mtoto wa madrasa anajua hilo. Hakuna aliyemjengea kituo, alielezwa na nyanya yake akiteka mai. Na bado kuna watu hununua viwanja huko juu ya mchanga, na si kwamba hawajaelimishwa.

Jengine. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe waliotaka kutuletea, kibali chake kilifutwa na Tribunali ya Mazingira mwezi wa sita 2019, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kikao kilifanywa, vitabu vilisainiwa, soda zilinyweka. Tribunali ikasema huko si kushirikisha. Mwalimu, na hao wa Mangea unawashirikisha au unawapa soda?

#8 Barani_Boy
Shela ya Lamu au Shela ya hapa Malindi? Maana sisi pia tunayo Shela, na sisi pia tuna visima, na vyetu vina chumvi 😂

#9 Shela_Upepo
Shela ni moja. Hiyo yenu mlikopa jina, bado hamjalirudisha.

#10 Mangula_Moja
Habari za humu wakuu. Natokea Mang'ula, Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa. Nimeshawishika kujiunga kwa sababu ya uzi huu.

Sisi kituo tunacho. Udzungwa Ecological Monitoring Centre, kipo tangu 2006, wameshirikiana TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, na makumbusho moja ya Italia, mji wa Trento. Watafiti wanalala pale, vijana wa kijijini wamepata kazi ya kuongoza na kutega kamera, shuleni kulianzishwa masomo ya mazingira, watoto wanapelekwa hifadhini. Mimi mdogo wangu amefaidika.

Lakini sikilizeni. Akina mama walikuwa wanaruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. 2011 ikasitishwa. Sababu walitoa, na huenda kitaalamu wana haki. Sasa fikiria mtoto anarudi nyumbani na daftari limejaa picha za mbega mwekundu wa Udzungwa, mama yake anamuuliza: hao mbega ndio waliokula kuni zangu? Kituo na hifadhi mwanakijiji hatofautishi. Kwake wote ni "watu wa pale juu".

Kwa hiyo mnaweza kujenga kituo kizuri kabisa, kikabebeshwa chuki ya kosa la mwingine.

#11 Chapati_KisumuNdogo
Karibu Mang'ula. Ni huko ndiko watafiti walimgundua yule kwale kwa darubini?

#12 Mangula_Moja
Darubini? Mkuu, kwale wa Udzungwa alipatikana sufuriani! Mwaka 1991 wataalamu wa ndege wako kambini, wamepikiwa kitoweo, mmoja anaangalia chini ya sufuria anaona miguu ya ndege asiyemfahamu. Wakaanza kumtafuta akiwa na manyoya.

Na kipunji, yule nyani aliyetangazwa duniani kuwa mpya, wazungu wamemwona 2003. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake zamani. Hilo hilo kipunji ndilo likaandikwa kitabuni.

#13 Dereva_Nyika
Nimecheka mpaka abiria wameniangalia. Kumbe utafiti tunaufanya kila siku, tatizo letu tunautia chumvi na kuula.

#14 Fundi_Matangi
Dereva unaendesha gari au unasoma uzi?

#15 Dereva_Nyika
Nimesimama Kakuyuni nanunua mahindi ya kuchoma. Acha umbea.

#16 Mjukuu_wa_Kambi
Mnaongea kama historia ilianza na wafadhili.

Babu yangu alikuwa katika kambi, baraza la wazee wa kaya, misitu yetu mitakatifu ya Mijikenda, kwa wageni msiojua. 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, na watu waliokula kiapo wasiwape vijana wao wala kodi. Mama wa watu alipelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo, mtu akija nyikani na kamba ya kupimia, hata awe na nia safi kama maziwa, mzee wa Kigiriama anamtazama mikono kwanza.

Misitu ya kaya imedumu kwa miiko. Hukati, huingii na viatu pahali fulani, hupigi mluzi. Shule haikuihifadhi. 2008 UNESCO wameziweka kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, vizuri, lakini walikuta msitu upo. Mkitaka kituo Mwangea, kaulizeni wazee kwanza pahali gani hapajengwi. Na ni Mwangea, si Mangea. Herufi mnazila kama pojo.

#17 Barani_Boy
Kwenye ramani imeandikwa Mangea.

#18 Mjukuu_wa_Kambi
Ramani ilichorwa na nani?

#19 MsomiPwani
Naomba niingize mambo makavu kidogo, mnivumilie.

Kwanza Dereva (#3), mita mia tano ni kutoka baharini. Pale mguuni pa mlima tayari uko juu, kwa hiyo unaopanda kwa miguu ni pungufu. Samahani kwa wa Meru, umeshinda nusu.

Pili, ardhi. Hili ndilo swali na hakuna aliyeligusa. Msitu kama Arabuko-Sokoke uko chini ya serikali tangu enzi ya mkoloni, kwa hiyo sheria ya misitu inatoa njia: mnaunda chama cha jamii cha msitu, mnaandika mpango, mnatia saini makubaliano na shirika la misitu. Mlima ulio katika ardhi ya jamii ni hadithi nyingine. Hapo ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016: jamii ijiandikishe, iwe na kamati yake, na mkutano mkuu ndio utoe kibali. Ukijenga banda kabla ya hapo, umejenga kesi. Watu wa bara wanajua bei ya mlima wenye banda kuliko bei ya mlima mtupu.

Tatu, mtafiti yeyote Kenya anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na utafiti. Wazee waanze kuiomba waione. Mtu wa magazeti na majani akija hana, chai anywe lakini mlimani asipande.

Kwa mtazamo wangu watu hawajiungi kwa sababu hawajui kesho hiyo ardhi itakuwa ya nani. Karo, kuku na aibu ni matawi tu.

#20 MamaVipepeo
Msomi, hati ni muhimu lakini watoto hawali hati.

#21 MsomiPwani
Wala hawali pupa, mama. Wanakula kinachonunuliwa na pupa, na pupa wanatoka katika msitu wenye mwenyewe.

#22 Mkaa_Mstaafu
Na 2015 walipokuja wale wa kutafuta mafuta, wanataka kupitisha mashine za kutikisa ardhi ndani ya Arabuko, huo msitu ulikuwa na mwenyewe, serikali. Nani alipiga kelele mpaka wakasimama? Vikundi vya majirani pamoja na mashirika. Msomi, hati peke yake ililala usingizi siku hiyo.

#23 Binti_wa_Chini_ya_Mlima
Nimeletewa uzi huu na kaka yangu. Mimi naishi huko mnakokusema.

Mwalimu, nakujua, na wewe ni mtu mzuri, ila umekaa kikao na wanaume mara mbili chini ya mwembe na hukumuuliza mwanamke hata mmoja. Nasikia unataka kila mji utoe kitu kwanza. Je, waliokuita walikuonyesha ule msingi?

Upo msingi. Upande wa mashariki, mita chache kutoka njia ya kupandia. Miaka sita iliyopita lilikuja wazo hili hili, kituo hiki hiki. Kila mji ulitoa. Sisi wanawake tulibeba madzi ya kuchanganyia saruji kutoka kwenye silanga, lile bwawa, mwendo wa saa nzima kwenda, saa nzima na nusu kurudi, madumu mawili mawili, wiki mbili. Mawe tulikusanya mlimani. Kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mweka hazina, na mweka hazina alikuwa na shemeji mjini. Sitaji majina, mudzini tunaishi pamoja na tunazikana. Ukuta ulifika magotini, ukakomea hapo. Sasa mbuzi wanalala ndani.

Halafu mnajadili humu kwa nini jamii haisaidii. Wengine wanasema njaa, wengine Waingereza, wengine hati. Hamjauliza kama tulishasaidia. Mwalimu ukihesabu michango anza kuhesabu yale madumu.

#24 KasaMida
Duh.

#25 Mwalimu_wa_Gede
Dada, nimesoma mara tatu. Msingi sikuonyeshwa. Tulikaa upande wa shule, na mlimani tulipanda kwa njia ya magharibi, sasa naelewa kwa nini mzee mmoja alisisitiza sana njia ile ina kivuli.

Kosa la kutowaita akina mama ni langu na silitafutii mlango. Ila bado nina swali gumu, na nalileta hapa hapa mbele ya watu: wale walioniita, ni kamati ile ile?

#26 Binti_wa_Chini_ya_Mlima
Wawili ni wale wale. Wengine ni vijana safi, wana uchungu kweli, mmoja anajua ndege wa mlima wote kwa sauti, amejifunza mwenyewe. Ndiyo maana sitaki uache. Ungekuwa ni wizi mtupu ningenyamaza mkaibiwa.

#27 Dereva_Nyika
Ngojeni. Miaka sita nyuma? Ile saruji niliipeleka MIMI. Kwa kanta ya bosi wangu wa zamani. Mifuko arobaini kutoka Malindi. Vitengeni nikaambiwa nishushe kumi na tano kwenye duka "kwa muda, mvua isije ikainyeshea". Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua la kupasua mawe. Nilishusha, mimi ni dereva, nalipwa kwa safari, siulizi.

Mpaka leo nilikuwa nadhani ilikuwa saruji ya kanisa.

#28 Chapati_KisumuNdogo
Uzi umegeuka mahakama. Dereva, wewe ni shahidi au mshtakiwa wa tatu?

#29 Dereva_Nyika
Niache kaka. Nafsi inaniuma.

#30 Mjukuu_wa_Kambi
Kuna dawa ya jambo hili na wazee wanaijua. Kabla ya jiwe la kwanza, waliosimamia wanakaa mbele ya watu na kuulizwa, na wanaotaka kusimamia sasa wanakula kiapo. Hii mambo ya risiti mwizi anaipenda.

#31 Fundi_Matangi
Mjukuu, kiapo sawa, lakini risiti pia. Na nambari ya simu ya kutumia pesa iwe ya kikundi, yenye watu watatu wa kuidhinisha, mmoja mwanamke aliyebeba dumu. Gazi kule Kwale wana mradi wa mikoko, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza hewa ukaa ya mikoko hekta 117, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko wanayoitunza. Nilienda kufunga matangi huko. Pesa ikiingia kijiji kinakaa kuamua: maji, vitabu vya shule, nini kianze. Ukimuuliza mama muuza samosa mradi umefanya nini anakuonyesha bomba kwa kidole. Utafiti wa mikoko ulikuwapo Gazi miaka mingi kabla ya biashara hiyo, kwa hiyo watafiti na wanakijiji walikuwa wameshazoeana, wameshagombana, wameshapatana. Hayo hayakuanza kwa bakuli.

Sasa niseme ya fundi, maana humu mnasahau maji. Bati la mita moja ya mraba likinyeshewa milimita moja linatoa lita moja. Banda la mita kumi kwa sita ni mita sitini, mvua ya milimita ishirini ni lita 1,200, toa zinazomwagika na za kwanza zenye vumbi. Mvua kumi nzuri unajaza tangi la lita elfu kumi. Ningekuwa mimi, ningeanza na bati na tangi juu ya nguzo, bila kuta. Akina mama wasibebe tena hata dumu moja la ujenzi. Kuta zitajengwa kwa maji ya bati lenyewe.

#32 Binti_wa_Chini_ya_Mlima
Fundi, wewe ndiye wa kwanza humu kusema kitu ninachoweza kwenda kuwaambia wenzangu leo jioni. Lakini tangi likijaa watasema ni la watafiti. Nani atakuwa na ufunguo wa bomba?

#33 Fundi_Matangi
Hapo umenishinda. Ufunguo si kazi ya fundi.

#34 Mwalimu_wa_Gede
Nirudi kidogo kwa nini nang'ang'ania kituo, maana mtu atauliza kama mbuzi hawatoshi.

Mwaka mmoja niliwapeleka watoto wa darasa langu Wundanyi, milima ya Taita. Kutoka Gede tulianza alfajiri, Mombasa, Voi, halafu basi likaanza kupanda. Watoto wa pwani hawajui baridi. Walivaa soksi mikononi. Kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki pale mjini, na tulipelekwa msitu wa Ngangao, ambao ni mdogo, unaweza kuuzunguka kwa miguu. Mwenyeji wetu, kijana wa Kitaita, akawaambia kuna ndege katika milima hii hawapatikani kwingine popote duniani, mkiwamaliza hapa mmewamaliza. Mtoto mmoja, baba yake anauza kuni Mida, akauliza: "Na kwetu je, kuna nini ambacho hakipo kwingine?"

Nilijibu kuhusu kibundi wa Sokoke, bundi mdogo ambaye nje ya pwani yetu yupo Usambara tu, na yule sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Akasema hajawahi kuwaona. Anaishi nao. Nikaona haya mpaka Voi.

Kibundi mwenyewe wazungu wamemwandika 1966 tu, na hadi leo mtalii akitaka kumwona mchana ni kijana wa hapa hapa anayemwonyesha tawi. Yule kijana wa Mangea anayejua ndege kwa sauti, mimi nataka awe na mahali pa kusimama mbele ya watoto.

#35 Mangula_Moja
Mwalimu hapo umenigusa. Lakini nakwambia kama ndugu: siku ya kwanza mzungumzie kuni na maji kabla ya ndege. Sisi tulianza na ndege.

#36 MamaVipepeo
Mimi bado nasema pesa kwanza. Huyo kijana alipwe na mgeni, watu waone, mengine yatajifuata.

#37 Mkaa_Mstaafu
Na mimi bado nasema aibu. Wale wawili wa kamati mmewaaibisha humu bila kuwataja, tutaona kama watakuja kwenye kikao.

#38 Barani_Boy
Samahani naingilia, kuna mtu wa Shela ya kweli (ya Malindi) anayeuza tangi la zamani, lita elfu tano, lina ufa mdogo. Mwenye kuhitaji aseme.

#39 Fundi_Matangi
Ufa mdogo wa wapi, juu au chini?

#40 Barani_Boy
Chini.

#41 Fundi_Matangi
Basi hilo ni ungo.

#42 Binti_wa_Chini_ya_Mlima
Nimeongea na akina mama. Kikao Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, kwenye msingi wenyewe. Chini ya mwembe hatuendi. Mwalimu uje kwa njia ya mashariki. Dereva, wamesema na wewe uje, uonyeshe kwa mkono lile duka la Vitengeni liko upande gani wa barabara. Kila mtu aje na maji yake ya kunywa.

#43 Dereva_Nyika
Jumamosi nina mzigo wa Bamba... Nitapitia. Lakini nishuke na nani, maana peke yangu siji.

#44 Chapati_KisumuNdogo
Mimi nitakusindikiza. Nataka nikikalie hicho kiti.